Fundi wa Bunduki wa Jumamosi, Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Siku za kazi mimi ni mkerezaji wa vyuma, Industrial Area. Nakereza shafti, bushi na gia za mashine za viwandani. Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, na Jumatano jioni baada ya kutoka kazini, nakaa kwenye benchi la nyuma la duka la muuzaji silaha aliyesajiliwa, natengeneza bunduki na bastola za raia wenye vyeti vya kumiliki silaha. Sasa ni mwaka wa 11. Maswali yaliyo hapa chini nimeyajibu kwa simu na pale kaunta mpaka nimeona heri niyaandike. Kama una haraka, soma jibu la namna ya kuleta silaha kabla hujatoka nyumbani. Hayo mengine yanaweza kungoja.

Kwa nini kazi hii huifanyii nyumbani kwako? Si bei ingeshuka?

Siwezi, na hata ningeweza nisingetaka. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, anayetengeneza silaha za watu kama biashara lazima awe muuzaji silaha aliyesajiliwa, na usajili huo unafungamana na mahali panapojulikana. Haijalishi kazi ni kubwa au ni springi moja tu. Mwenye duka ndiye aliyesajiliwa. Mimi ni fundi wake wa siku mbili kwa wiki, na kila silaha ninayoishika imeandikwa kwenye daftari la duka: imeingia lini, imetoka lini, ya nani, cheti namba ngapi. Polisi wakija kukagua, daftari hilo ndilo wanalofungua kwanza.

Kuna sababu nyingine isiyo ya sheria. Nakaa Umoja, ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba viwili. Watoto wa jirani huingia kwangu kama kwao, huyu anaomba chaja, yule anaomba maji. Nyumba ya namna hiyo haifai kulaza silaha ya mtu hata usiku mmoja. Dukani kuna stoo ya chuma inayofunguliwa kwa funguo mbili zinazokaa kwa watu wawili. Mimi sina hata mmoja, na niliomba mwenyewe iwe hivyo.

Nije na nini?

Njoo wewe mwenyewe, na cheti chako cha silaha, na kitambulisho, na silaha yenyewe ikiwa tupu. Nambari iliyochongwa kwenye chuma lazima ilingane na iliyo kwenye cheti, tarakimu kwa tarakimu. Hapo ndipo ninapoanzia kabla hata sijauliza bunduki inaumwa nini. Mara mbili nimekuta tarakimu moja imepishana: kwenye chuma ni 8, kwenye karatasi ni 3, kwa kuwa kutu ilikuwa imekula upande mmoja wa namba na aliyeiandika akasoma alichokiona. Silaha hizo sikuzigusa mpaka karatasi zikarekebishwa. Mmoja wa wenyewe aliondoka amenuna, na ninamwelewa, alikuwa ametoka Nakuru asubuhi hiyo.

Leta magazini zote ulizo nazo, yaani vile vijisanduku vya kupakia risasi, hata ile mbovu. Hasa ile mbovu. Na ukiweza, leta maganda mawili matatu ya risasi zilizopigwa na silaha hiyo. Ganda linaniambia mengi: mahali pini ilipogonga, kama limevimba, kama limekwaruzwa upande mmoja. Risasi nzima ziache nyumbani kwenye sefu. Nina risasi bandia za mazoezi, na hizo zinatosha kuonyesha silaha inavyojilisha.

Cheti changu kimeisha muda wiki iliyopita tu. Si unaweza kuniangalizia haraka?

Hapana. Cheti huhuishwa kila mwaka, na kwangu wiki moja na miaka mitano ni kitu kimoja. Kahuishe kwanza, benchi lipo.

Naweza kumtuma dereva, kijana wa boda, au kuituma kama mzigo kwa basi?

Usithubutu. Cheti ni cha jina lako, kwa hiyo mtu mwingine akiishika silaha hiyo barabarani, tayari nyote wawili mko matatani, yeye kwa kuibeba na wewe kwa kumwachia. Nimewahi kupokea simu ya kijana wa boda aliye nje ya duka, ana begi mgongoni, anasema "mzee amenituma nilete kitu kidogo kitengenezwe." Hakujua amebeba nini. Kijana wa watu, riziki yake ni pikipiki, angesimamishwa hapo mzunguko wa Globe akapekuliwa angemweleza nani? Tulimpigia mzee simu, akaja mwenyewe akaichukua kwenye maegesho, na kazi yenyewe hatukuifanya siku hiyo.

Ukija kwa matatu, silaha isionekane, isitoke mahali ilipo mpaka uwe ndani ya duka. Usiitoe garini ukitembea nayo mkononi kuvuka barabara. Watu watakukimbia, na afisa aliye karibu hatajua wewe ni nani.

Nimekwambia haina kitu. Mbona unaikagua tena mbele yangu?

Kwa sababu ya Jumamosi moja ya mwaka wangu wa pili. Alikuja mzee mmoja mstaarabu sana, amebeba bastola yake ndani ya soksi nyeupe iliyofuliwa. Akatoa magazini mfukoni, akaiweka kaunta: tupu kweli. Akasema, "Fundi, haina kitu, nimeitoa zote." Nikaielekeza kwenye ndoo ya mchanga, nikavuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza. Risasi moja ikaruka kutoka chumbani, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ikaanguka kwenye mkeka wa mpira, ikabingirika polepole mpaka ikagonga mguu wa jiliwa. Hakuna aliyesema neno. Mzee alikaa kwenye kiti, akavua miwani, akasema wajukuu zake walikuwa wamelala chumba kimoja na bastola hiyo wiki nzima.

Hakuwa mtu mzembe. Alikuwa ametoa magazini kwanza, na alipovuta slaidi hakuivuta mpaka mwisho. Siku hizi nikikupokea, naivuta mara tatu, natia kidole cha mwisho ndani ya chumba nipapase, halafu nakupa wewe uangalie kwa macho yako. Nikikurudishia mwisho wa kazi, tunafanya hivyo tena. Tafadhali usione ni dharau.

Bastola yangu inakwamisha risasi. Imeharibika?

Mara nyingi, hapana. Bastola nyingi ninazoziona Nairobi ni za milimita 9, na Ceska ni nyingi sana kati yake. Ni silaha zilizoundwa vizuri. Zinapoanza kukwama, kwanza naangalia magazini, halafu risasi, halafu uchafu, halafu ndipo bastola yenyewe. Kwa utaratibu huo nimepunguzia watu wengi gharama.

Magazini ni kijisanduku cha bati chenye springi, na juu kina midomo miwili inayoshikilia risasi. Midomo hiyo ikipanuka hata unene wa karatasi mbili, risasi inapanda na pua juu, inagonga ukingo wa chumba badala ya kuingia. Inapanukaje? Magazini inaanguka sakafuni ikiwa imejaa, kwenye terazo, mara moja tu. Basi. Mwenyewe anaifuta vumbi, anairudisha, na mwezi mmoja baadaye anakuja kwangu akisema bastola imezeeka. Nina kipimo cha chuma cha kuingiza kati ya midomo, kwa dakika moja tunajua. Siikunji midomo irudi, kwa sababu bati lililokunjwa mara mbili halikai. Naitoa magazini hiyo kazini, unanunua nyingine.

Risasi nazo huzeeka mapema zikiwekwa vibaya. Kuna wanaoziacha zile zile sita kwenye magazini miaka minne, kiunoni kila siku, jasho linaingia, mafuta ya bastola yanachuruzikia humo. Mafuta yakipenya kwenye kitako cha risasi, siku unayoihitaji pini inagonga na kimya kinajibu. Ikitokea hivyo kwenye uwanja wa kulenga shabaha, usifungue haraka. Elekeza mahali salama, hesabu mpaka 30, maana baruti yaweza kuchelewa kuwaka.

Nipake mafuta gani? Jirani ananiambia ya gari yanatosha.

Swali hili nalipenda, kwa sababu nusu ya kazi inayonifikia isingekuwepo kama watu wangeuliza mapema. Mafuta mazito ya injini yametengenezwa kwa injini ya moto. Kwenye bastola baridi yanakuwa mazito, na vumbi letu la Julai na Agosti linajishikilia humo mpaka yanageuka kuwa msasa. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya zaidi. Yanakauka yakawa kama utomvu wa mti. Nimewahi kupokea bunduki ya mkulima wa Naivasha iliyopakwa mafuta ya kupikia kwa miaka, kifyatulio hakirudi, kila kitu kina rangi ya asali. Niliiloweka siku mbili. Na ile dawa ya kupulizia ya kufukuza maji ni nzuri siku umenyeshewa, lakini inapukutika upesi. Ukiipulizia, ifute, halafu paka mafuta mepesi ya silaha.

Kiasi ni tone moja kila mahali chuma kinaposugua chuma, basi. Ukiishika bastola na mkono ukalowa, umezidisha.

Ukisafisha mtutu wa raifo, ingiza mdeki, ile fimbo ya kusafishia, kutoka nyuma, upande risasi inapoingilia, kila silaha inaporuhusu. Ule ukingo wa mwisho mdomoni ndio unaoiaga risasi. Mdeki wa chuma ukiukwangua upande mmoja, risasi inatoka imesukumwa kidogo, na hakuna miwani ya kulengea itakayokuponya.

Kutu inatoka wapi, na mimi naiweka kabatini?

Kabati ndilo tatizo, au tuseme ngozi iliyo ndani ya kabati. Ala ya ngozi hunyonya unyevu wakati wa masika na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Sponji za masanduku hufanya vivyo hivyo. Bastola ivaliwe kwenye ala, ilale nje ya ala, ndani ya sefu kavu yenye vijipakiti vya kunyonya unyevu. Mteja wangu mmoja anayefanya kazi Mombasa anaifuta yake kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kama mtu anayefuta miwani. Ile hewa ya chumvi haijaipata hata doa.

Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa naitoa kwa pamba ya chuma laini sana na mafuta. Ikishachimba vishimo, vishimo vitabaki. Naweza kuizuia isiendelee, siwezi kurudisha chuma kilicholiwa.

Unaweza kurudisha ule weusi wa chuma?

Naweza, na ndiyo kazi ninayoifanya kwa moyo wote. Watu hudhani ni rangi iliyopakwa. Ule weusi wenyewe ni kutu, ila ni kutu iliyofugwa. Nakisugua chuma mpaka kinang'aa, naondoa mafuta yote, na tangu hapo hakiguswi kwa mkono mtupu kwa sababu alama ya kidole itabaki hapo daima. Napaka dawa, nakitundika kwenye sanduku la mbao lenye bakuli la maji ndani ili hewa iwe na unyevu. Baada ya saa kadhaa kinafunikwa na vumbi jekundu laini, kama mwashi amekipulizia tofali. Hapo nakitumbukiza kwenye maji safi yanayochemka. Huku kwetu juu, mita 1,700 na zaidi toka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, lakini yanatosha. Dakika chache tu, ule wekundu unageuka kuwa mweusi wa mahameli. Nakitoa, nakipangusa kwa brashi laini ya waya, weusi wa juu unatoka, wa chini unabaki. Halafu narudia. Mara sita, mara nane, kila mara unakolea. Januari hewa inapokauka kazi inakwenda pole, Aprili inakwenda yenyewe.

Kwa vile niko siku mbili tu kwa wiki, kazi hii huchukua mwezi mmoja na nusu. Kuna njia ya haraka ya chumvi kali zinazochemshwa, lakini siitumii, na kwa bunduki za mitutu miwili usikubali mtu aitumie: mitutu ile imeunganishwa kwa madini ya risasi ya kulehemu, na chumvi hizo zinaila. Siku moja mitutu itaachana.

Nina bunduki ya zamani ya mitutu miwili. Naweza kutumia risasi za dukani?

Usipige hata moja kabla hatujaipima. Hizi ni bunduki za marisawa, yaani za kutupa vijirisasi vingi kwa mpigo mmoja, na nyingi zilizobaki kwenye mashamba ya Naivasha, Laikipia na Nanyuki zilitoka Uingereza. Ukipindua mitutu chini utaona alama ndogo zilizogongwa: ni alama za nyumba za majaribio za London au Birmingham, ambako kila mtutu ulipigwa kwa nguvu iliyozidi ya kawaida kabla ya kuuzwa. Ile ya Birmingham ipo tangu 1813. Alama hizo ni barua kutoka kwa waliojaribu bunduki yako, na mimi nimejifunza kuzisoma.

Hatari iko kwenye urefu wa chumba. Bunduki nyingi za zamani za namba 12 zina chumba cha milimita 65. Risasi za sasa nyingi ni za milimita 70, na urefu huo ni wa ganda likiwa limeshafunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo inaingia bila shida na mlango unafungika vizuri. Ukifyatua, ganda halina nafasi ya kufunguka, mgandamizo unapanda, na mbele ya uso wako kuna chuma cha miaka 90. Kuingia kwa risasi si ruhusa ya kuipiga. Hilo nimelibandika ukutani kwa herufi kubwa.

(Namba 12, kwa wanaouliza, maana yake ni kwamba matufe 12 ya madini ya risasi yanayoenea kwenye mtutu huo yana uzito wa ratili moja.)

Baba amefariki akaacha bunduki. Nikuletee uiangalie?

Pole sana. Lakini usiniletee, na usiisogeze hata chumba cha pili. Cheti hakirithiwi kama shamba au ng'ombe. Toa taarifa kituo cha polisi cha karibu, waje waichukue wenyewe kwa maandishi, nawe uweke nakala. Mrithi anayeitaka ataomba cheti chake mwenyewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na akikipata ndipo zamu yangu inafika.

Tangu uwindaji upigwe marufuku Kenya mwaka 1977, raifo nyingi za kuwindia zililala. Ziko nyuma ya kabati, zimefungwa kwa blanketi, na vijana wa nyumba hiyo hawajui zipo mpaka matanga. Mama mmoja wa Limuru alinipigia usiku, sauti chini kabisa: "Mwanangu, nimepata ya marehemu, naiogopa hata kuiangalia." Nikamwambia, mama, funga mlango wa chumba hicho, ufunguo ukae nao wewe, kesho asubuhi mwite afisa. Alifanya hivyo.

Ilichukua muda mrefu, lakini mwanawe alipata cheti, na Jumamosi moja akaja na raifo ile ile. Nikaifungua, nikatazama ndani ya mtutu nikielekeza kwenye dirisha. Giza. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo mkavu umejaa kama upana wa vidole vinne kutoka mdomoni. Risasi ikikutana na kizibo cha namna hiyo, mtutu huvimba au hupasuka. Nililainisha udongo kwa matone ya maji ya uvuguvugu, nikautoa kidogo kidogo kwa kijiti cha mbao, kijana amekaa pembeni ananisimulia alivyokuwa akimwona baba yake akiipangusa kila Jumapili kabla ya kanisa. Ndani ya udongo kulikuwa na mabawa makavu. Chini yake mtutu ulikuwa mzima, michirizi yake inang'aa.

Nimeokota bunduki. / Kuna mtu anataka kuniuzia ya bei nafuu haina karatasi.

Siiangalii, siikadirii bei, simjui mtu wa kukusaidia. Isalimishe polisi au kwa chifu. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha haramu zaidi ya 5,000 pale Ngong, na kila moja ya zile ilipita kwenye mikono ya mtu aliyedhani ameipata kwa bei nafuu.

Unaweza kulainisha kifyatulio kiwe chepesi?

Naweza kukisafisha kiwe laini, na hiyo peke yake huwashangaza watu. Kukifanya chepesi ni jambo lingine. Ndani kuna ndoano mbili ndogo zinazoshikana kwa eneo dogo kuliko punje ya mchele. Ugumu wa chuma uko kwenye ngozi ya juu tu. Mtu akipitisha tupa hapo, anaondoa ngozi hiyo, na bastola inakuwa tamu kwa mwezi mmoja, halafu siku moja inaanguka na kujifyatua. Kwa silaha ya kuvaliwa kiunoni mjini, jibu langu ni hapana. Kwa mlengaji wa mashindano anayeijua silaha yake, tunazungumza, tena kwa vipuri vya kiwandani, si kwa tupa.

Kazi gani nyingine huzifanyi?

Sikati mitutu. Siigusi namba iliyochongwa, hata kuing'arisha tu. Sitengenezi wala kufunga vifaa vya kupunguza mlio. Sibadilishi namna silaha inavyofyatua. Bunduki za serikali, zikiwemo za polisi wa akiba, zina mafundi wake, mimi sizipokei. Na elewa kwamba mtutu peke yake, ukiwa mezani bila kitako wala kifyatulio, mbele ya sheria ni silaha. Ndiyo maana siuzi "kipande tu."

Na bunduki ya hewa?

Nayo ni silaha kwa sheria yetu. Masharti ni yale yale.

Kuna fundi hodari wa kuchomelea mtaani kwangu. Kwa nini nisimpelekee yeye?

Nawaheshimu mafundi wa jua kali, mimi mwenyewe nilianza kwa kushikia mtu taa Kariobangi. Lakini pamoja na kwamba sheria haimruhusu, moto wake ndio adui. Chuma cha silaha kimepashwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikipasha tena kwa kuchomelea, kinalegea mahali usipopaona. Niliwahi kuletewa bunduki ambayo mpini wa kufungia ulivunjika ukachomelewa kwa ustadi, mshono safi kabisa. Nilipouweka kwenye jiliwa na kuugonga kwa nyundo ya plastiki, ukapinda kama kijiko. Huo ndio mpini uliokuwa uzuie mlipuko usirudi usoni.

Bei ni kiasi gani, na inachukua muda gani?

Kukagua na kusafisha bastola ni shilingi 3,000, bunduki ndefu ni 4,500. Kazi nyingine naangalia kwanza, nakuandikia bei, ukikubali ndipo naanza. Malipo yanaingia kwenye namba ya M-Pesa ya duka na unapewa risiti, hakuna hela inayopita mkononi mwangu. Kusafisha huwa tayari siku hiyo hiyo ukifika kabla ya saa sita. Vipuri vinaagizwa kutoka nje kwa vibali vya duka, kwa hiyo hapo siwezi kukuahidi tarehe. Bei ya mbao za kitako inategemea mti: mvule naupata hapa hapa, mjozi (walnut) wa kitako cha Kiingereza unanichukua miezi kuutafuta.

Mnaijaribia wapi?

Kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kwa kawaida Kirigiti, Kiambu. Wewe ndiwe unayefyatua, mimi nasimama nyuma ya bega lako na kuangalia maganda yanavyoruka. Hatujaribu silaha dukani, wala shambani kwa rafiki.

Wewe ni wa muda tu. Nitaaminije kazi yako?

Ni haki yako kuuliza. Kazi ya mchana inanilisha, na kwa hiyo sina haja ya kuharakisha yako ili nilipe kodi ya nyumba. Mteja akinisukuma nimkabidhi silaha ambayo sijaridhika nayo, naweza kusema hapana na bado watoto wakala jioni. Mkono wangu pia unashinda kwenye mashine siku tano, ukipima unene wa nywele kwa mikromita. Ila upande mwingine nao ni kweli: ukikwama Jumatatu, utaningoja mpaka Jumatano. Kama silaha hiyo ndiyo ulinzi wako wa kila siku na huwezi kungoja, mpate fundi wa siku zote, nami nitakuelekeza bila kinyongo.

Mimi ni fundi mitambo, nataka kuanza kazi hii kwa muda wa ziada. Nianzie wapi?

Anza na chuma kabla ya bunduki. Kama hujui kukereza, kupiga tupa bapa na kusoma mikromita, nenda chuo cha ufundi ukajifunze hayo. Pata cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, utaulizwa. Halafu mtafute muuzaji silaha aliyesajiliwa, umwombe akae nawe. Usimwombe mshahara mwanzoni, mwombe benchi. Mwaka wangu wa kwanza sikufungua silaha hata moja. Nilifagia, nikaandika daftari, nikatengeneza bisibisi. Ndiyo, bisibisi: skrubu za bunduki za zamani zina mifuo myembamba sana, na bisibisi ya kawaida inaitafuna. Kila bunduki nzuri inataka ncha yake iliyonolewa kwa ajili yake.

Mzee aliyenifundisha alinipa kipande cha chuma cha mraba na tupa, akasema nikifanye kiwe na pande sita zilizo sawa, bila mashine. Nilikileta mara 14 akakirudisha mara 13. Kipo kwenye droo yangu ya juu. Ukija kuniomba kazi, nitakupa kimoja kama hicho.